Uzi: Kupiga picha kwenye kazi za afya vijijini Kivu – karatasi, vifaa, ruhusa, zoni nyekundu, na kwa nini picha nzuri hukataliwa

LenziYaKivu (Goma)

Jambo yenu. Vijana wengi wa Goma na Bukavu wanaanza kuitwa na mashirika ya afya: siku tatu Masisi, wiki Kalehe, mara Mweso, mara Kamituga. Wanajua kupiga harusi na mikutano, picha zao ni safi, lakini zikifika ofisini nusu yake haitumiki. Kamera haina kosa. Picha ya afya hupita kwa watu watatu kabla ya kutoka. Muuguzi anaangalia kama kazi inafanywa sawasawa. Mtu wa ulinzi anaangalia kama mgonjwa anaweza kutambuliwa akadhurika. Na mwishowe jirani wa mgonjwa ataiona kwenye simu, maana Facebook inafika hata pale ambapo barabara haifiki. Mmoja wao akikataa, basi. Tuandike hapa yanayojulikana, kila mtu kwa fani yake.

Mimi naanza na karatasi. Ordre de mission (barua ya kutumwa kazini) iwe na jina lako kamili, namba ya kitambulisho, tarehe, zoni za afya utakazopita kwa majina yake, na maneno "picha na video" yaandikwe wazi. Ikisema "msaidizi wa mawasiliano" tu, kwenye barieri (kizuizi cha barabarani) ya kwanza kamera itakuwa mjadala wa saa nzima. Orodha ya vifaa pamoja na namba zake za kiwandani iambatishwe. Beba nakala tano au sita, kwa sababu kila ofisi itataka kubaki na yake.

Kisha mlango kwa mlango: DPS (ofisi ya afya ya mkoa) mjini, halafu BCZ (ofisi kuu ya zoni ya afya), ambako MCZ (daktari mkuu wa zoni) au msaidizi wake anagonga muhuri, halafu kituo chenyewe, ambako IT (muuguzi mkuu wa kituo) ndiye mwenye nyumba. Shef wa kijiji asisahaulike. Kamera ibaki kwenye mfuko mpaka IT amekutembeza wodi zote mikono mitupu. Ukiruka BCZ ukafikia kituo moja kwa moja, IT atakupokea vizuri, atakupa kiti, na hutapiga kitu.

Njiani: askari, barieri, daraja, antena, uwanja wa ndege, usipige, hata kwa simu. Fulana ya mifuko mingi ya rangi ya kijani au madoadoa ya kijeshi usivae. Droni iache nyumbani.

Chipukizi_Ndosho

Aksanti mukubwa. Mimi naomba kujua vifaa. Nina kamera moja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Inatosha? Na umeme kule mnafanyaje?

Fundi_Sensa (Bukavu)

Kijana, 18-55 inatosha kwa nje. Ndani ya kituo cha afya itakuangusha, kwa sababu wodi nyingi zina dirisha moja dogo, na ukivuta hadi 55 hiyo lenzi inabaki f/5.6. Kabla ya kufikiria kamera mpya, nunua lenzi moja isiyovuta ya f/1.8: 35 kama sensa yako ni ndogo (APS-C), 50 kama ni kubwa. Ukiwa na f/2.2, shata 1/125 na ISO 1600 utafanya kazi kwenye vyumba vingi bila flashi.

Moto, yaani pikipiki. Usibebe mfuko mgongoni kwenye barabara ya Masisi. Mtetemo unalegeza skrubu za lenzi na mkanda unakata mabega. Mfuko ukae mbele, kati yako na motari (dereva wa pikipiki), na kamera iwe imefungwa kwa kitambaa kinene, lenzi ikiangalia juu. Mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha maji, mmoja ndani ya mwingine. Mvua ya huku haikungoji utafute pa kujikinga. Ndani weka vipakti vya silika. Vikishalowa, vikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Usitumie mchele. Una vumbi, na vumbi ndilo tunalokimbia.

Kwa watu wa Goma, vumbi letu ni jivu na mawe ya Nyiragongo yaliyosagwa na magari, na lina chembe ngumu kama kioo. Ukifuta lenzi kwa fulana umekwaruza. Utaratibu: puliza kwanza kwa pampu ya mkono, lenzi ikiangalia chini, kisha brashi laini, kitambaa mwisho kabisa, na tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, si juu ya kioo. Kubadilisha lenzi nje, kiangazi, usifanye. Ingia ndani, zima kamera, iangalie chini.

Ukishuka kutoka kwenye baridi ya milimani kwenda Shabunda au Walikale, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa hadi saa nzima. Ukiitoa mara moja, unyevu unatanda kwenye kioo, na ukiingia ndani ya lenzi ukakaa, ukungu utaota.

Umeme: betri nne za asili, chaja ya USB, na pawabanki ya 20,000 mAh, ambayo ni kama Wh 74. Betri ya kamera ya kawaida ni Wh 14 hivi, kwa hiyo baada ya upotevu unapata chaji tatu hadi nne. Kwenye ndege pawabanki ya chini ya Wh 100 inaruhusiwa, lakini kwenye mzigo wa mkononi tu. Paneli ya kukunja ya wati 20 inasaidia ukikaa siku nyingi. Wakati wa mvua usiitegemee. Njia ya uhakika zaidi ni chaja ya gari, injini ikiwa inawaka.

Na jambo la kukaza: msichomeke chaja kwenye sola ya friji ya chanjo. Zile friji za kisasa hupokea jua moja kwa moja, hazina betri ya kushiriki na mtu. Baridi yake imehifadhiwa kwenye barafu iliyo ndani. Ukiiba umeme wa mchana, usiku joto linaweza kupita nyuzi 8, na chanjo za eneo zima la afya ziko ndani. Omba sola ya taa, na omba kwa IT mwenyewe.

Mama_PEV

Hapo kaka umesema vizuri. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hata kufungua friji ili upige picha ya "ndani kuna chanjo" tunakataa. Subiri muda ambao muuguzi anatoa chanjo za kazi, asubuhi. Utapata sekunde kumi, jipange kabla.

Nuru_ya_Dirisha

Niongeze upande wa mwanga, kwa sababu ngozi nyeusi na koti jeupe ndani ya fremu moja vinasumbua watu.

Kipimo cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu. Mama akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unakuwa giza: ongeza +0.7 hadi +1. Uso ukijaa fremu nzima, mambo yanageuka: kamera inaona giza, inaongeza, na ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Hapo punguza −0.7. Mkishazoea, pimeni mwanga wa uso tu kwa nukta, mpunguze vile vile, mfunge kipimo, ndipo mpange fremu. Koti la daktari likiungua kidogo si msiba. Uso ukipotea, hakuna picha. Dawa nzuri kuliko zote ni kumhamisha muuguzi barazani, kwenye kivuli, jua la mchana likibaki nje ya fremu.

Hema na bache (turubai): bache la buluu linapaka ngozi rangi ya maiti. Kadi ya kijivu inasaidia nusu tu, kwa sababu mlangoni unaingia mwanga mweupe na juu unashuka wa buluu, na kompyuta haiwezi kutenganisha. Mgeuze mtu uso uelekee mlango, wewe simama pembeni mwa mlango. Ikishindikana, toa picha hiyo kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Taa za LED za bei rahisi: ukitumia shata ya kimya ya kielektroniki, picha inatoka na mistari. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo jaribu 1/50 au 1/100. Taa za sola hazifuati hesabu hiyo. Piga moja, kuza kwenye skrini, badilisha mpaka mistari iishe, au rudi kwenye shata ya kawaida uvumilie kelele.

Chandarua: weka kioo karibu kabisa na nyuzi, f/2, fokasi kwa mkono. Nyuzi zitayeyuka. Kwa kioo cha kuatamia njiti, kofia ya mpira ya lenzi iguse kioo ili mwako usiingie. Na flashi kwa mtoto mchanga, hapana. Wala usiombe.

Mama_PEV

Sasa nije kwenye ile ya muuguzi kukataa, maana hapo ndipo picha nyingi zinafia. Mpiga picha akijua kazi inavyofanywa, anajua asubiri wakati gani.

Sindano ya surua inapigwa chini ya ngozi, juu ya mkono, 0.5 ml, sindano imelala. Ile ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) inaingia kwenye msuli wa paja kwa mtoto mchanga. Ukiandika "chanjo ya surua" chini ya picha ya paja, kila mtu wa PEV (mpango wa chanjo) atacheka. BCG (ya kifua kikuu) ni ndani ya ngozi, kadonge kadogo kanainuka. Hiyo ndiyo picha yenyewe, ipige kwa karibu. Polio ya matone ni matone mawili, na chupa isiguse midomo. Wapiga picha wanapenda kumwambia muuguzi "sogeza karibu zaidi", na chupa inagusa ulimi. Picha imekwisha, na chupa nayo pia.

Baada ya sindano: kofia hairudishwi. Sindano inaenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama, lile la karatasi ngumu. Likiwa limejaa kupita robo tatu, au sindano zimechomoza, picha haitoki. Angalia pia chini ya meza. Pamba yenye damu ikionekana sakafuni tutaulizwa maswali kutoka Kinshasa.

Mkanda wa kupima mkono wa mtoto (wengi tunasema PB): mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, na mkono unaning'inia umelegea. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi 12.5 manjano, juu ya hapo kijani. Picha nyingi zinaonyesha mkanda umebanwa mpaka ngozi inakunjamana, au uko karibu na kiwiko, kwa sababu pale ndipo kamera ilikuwa. Wewe ndiye usogee. Na nambari kwenye dirisha la mkanda isomeke, la sivyo umepiga karatasi ya rangi. Kama mtoto ana uvimbe, kipimo ni kubonyeza dole gumba kwenye miguu yote miwili kwa sekunde tatu na kuangalia shimo linalobaki. Hiyo shimo ukipata mwanga wa pembeni inaonekana vizuri sana. Mwanga wa mbele unaificha.

Lishe: paketi ya Plumpy'Nut (siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo) ni gramu 92, kilokalori 500, na ni dawa ya mtoto mmoja. Usipange watoto watatu wagawane ili fremu ipendeze. Kwenye UNTI (wodi ya utapiamlo mkali), maziwa ya tiba ya F-75 na F-100 yananyweshwa kwa kikombe. Chupa ya mtoto yenye chuchu ikionekana, hata kwa nyuma, hata ya mgeni, toa picha. Kopo la maziwa ya dukani lenye jina la kiwanda nalo hivyo hivyo. Kuna Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 juu ya kutangaza mbadala wa maziwa ya mama, na mashirika ya afya huiheshimu.

Chipukizi_Ndosho

Mama, samahani. Kuna ofisi inataka muuguzi avae glavu kwenye picha zote za chanjo. Wanasema inaonyesha usafi.

Mama_PEV

Mwanangu, OMS (Shirika la Afya Duniani) haitaki glavu kwa chanjo kama ngozi ya muuguzi na ya mtoto haina kidonda. Mikono safi inatosha. Glavu moja kwa watoto hamsini ni chafu kuliko mkono ulionawa. Lakini TDR (kipimo cha haraka) ya malaria, pale kidole kinatobolewa damu inatoka, glavu lazima, na jozi mpya kwa kila mgonjwa. Ofisi ikisisitiza, waambie waulize daktari wao wenyewe. Usimvalishe muuguzi kitu kwa ajili ya kamera. Siku ya pili wenzake watamcheka, na kituo kina boksi moja la glavu kwa mwezi.

Reko_Minova

Ruhusa. Hapa wengi wanafikiri ni karatasi ya kusaini. Karatasi ni ya ofisi. Ruhusa yenyewe ni mazungumzo.

Anayeomba asiwe daktari wala muuguzi anayemtibu. Mgonjwa akiulizwa na mtu mwenye sindano mkononi atasema ndiyo kwa kila kitu, akidhani akikataa dawa itachelewa. Reko (mhudumu wa afya wa jamii) au mama wa kijiji anafaa zaidi, na kwa lugha ya nyumbani: Kihunde, Kinyarwanda, Kihavu, Kinande, Mashi, Kilega, kulingana na mahali. Sentensi ya kwanza iwe: matibabu ni yale yale ukikubali au ukikataa. Ya pili: picha hii inaweza kuonekana hapa kijijini, Goma, na Ulaya. Usiseme "itaenda kwenye mitandao" ukadhani imeeleweka. Toa simu, onyesha ukurasa wa shirika ulivyo, onyesha bango lililochapwa. Kisha uliza: nani hungependa aione? Hilo swali ndilo linafungua mambo. Mama anaweza kukubali dunia nzima imwone isipokuwa ukoo wa mume.

Ngazi ziwe tatu kwenye fomu: ripoti ya ndani tu, tovuti na wafadhili, mitandao na mabango. Achague. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa shirika, au mrekodi sauti ya nusu dakika akisema mwenyewe anachokubali. Mpe karatasi ndogo yenye namba ya simu ya ofisi na kodi (namba ya utambulisho) ya picha yake, ili akibadili mawazo ajue pa kupiga.

Mtoto: sheria yetu, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mzazi au mlezi anakubali, na mtoto anayeweza kusema anaulizwa naye pia. Akigeuza uso, amejibu. Aliyezimia, aliye kwenye uchungu wa kuzaa, aliyefiwa asubuhi hiyo: hawana uwezo wa kukubali, subiri au acha.

Moto_Picha

Na pesa? Watu wanaomba kitu, na ukweli ni kwamba wanapoteza siku yao ya shamba.

Reko_Minova

Pesa kabla ya picha, hapana. Kesho kituo kizima kitakuwa na wagonjwa wanaotaka kupigwa. Lakini ukimchukua mtu shambani au ukamrudisha kituoni siku isiyo yake, nauli ya moto na chakula cha mchana ni haki yake, na viandikwe kwenye bajeti ya ofisi kabla ya kutoka Goma.

Moto_Picha

Mimi sikubaliani kabisa na hiyo "hapana" ya haraka. Shirika linatumia sura ya mama kwa miaka kukusanya fedha, yeye anapata nauli.

LenziYaKivu (Goma)

Ndugu, hoja yako ina uzito na haijaisha popote. Kinachoweza kufanyika leo: muda wa matumizi uandikwe kwenye fomu na kwenye mkataba wako, ukiisha picha itolewe, na kila aliyepigwa apate nakala yake. Chapa 10×15, ziweke plastiki, mpe IT na orodha ya kodi, si ya magonjwa. Picha ya kumpa mtu ni ile ambayo amevaa vizuri amesimama, piga moja ya namna hiyo kwa kila mtu. Ile ya kitandani usimpelekee.

Dada_Ulinzi (Bukavu)

Naomba watu wasome hii pole pole, ni kuhusu manusura wa ubakaji, fistula, VVU, na watoto waliotoka kwenye makundi yenye silaha.

Kufifisha uso baada ya kupiga si ulinzi. Faili la asili lipo kwenye kadi, kwenye kompyuta, kwenye barua pepe, na siku moja mtu atachukua lile. Utambulisho unatakiwa usiwemo tangu kwenye kamera.

Ule mtindo wa kivuli dhidi ya dirisha, kila mtu anaupenda. Kwenye skrini uso ni mweusi. Fungua RAW (faili ghafi la kamera), vuta vivuli juu stopu tatu au nne: macho, pua, kovu, vyote vinarudi. Ukipiga kivuli, piga JPEG tu, na baada ya kupiga jaribu mwenyewe kuvuta vivuli kabla ya kukabidhi. Salama zaidi ni mgongo, au fokasi iwe kwenye kitu cha mbele na mtu awe ukungu mzito kwa f/1.8.

Halafu vitu ambavyo si uso. Kitenge: kijijini kila mtu anajua nani ana kitenge kipi, kwa hiyo tafuta cha kuazima au shuka la wodi. Pete, bangili, kovu, msuko wa nywele, namna ya kukaa, mtoto aliyebebwa, mlango wa nyumba, kibao cha wodi nyuma. Kilima kwenye dirisha pia. Mtu wa Kalehe anajua kilima chake. Mikono peke yake inatambulika kama ina alama. Sauti kwenye video vivyo hivyo.

Maelezo ya picha yasirudishe ulichoficha. Ukiandika "mama wa miaka 34 mwenye mapacha, mwalimu, kijiji fulani" umemtaja. Tumia jina la kubuni na useme ni la kubuni, umri kwa makadirio, na mahali usishuke chini ya ngazi ya territoire (kama wilaya).

Mwenye_Buti

Zoni nyekundu, yaani sehemu ya kituo wanakolazwa wagonjwa wa kuambukiza. Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na sheria za kamera tulizonazo sasa nyingi zilikazwa wakati ule.

Ya kwanza: kinachoingia hakitoki mpaka kimetakaswa, na kisichotakasika kinachomwa. Mkanda wa kitambaa, mfuko, kofia ya sponji ya maikrofoni, vyote ni vya kuchoma, kwa hiyo vitoe kabla. Klorini ya 0.5% (gramu 7 hivi za HTH, unga wa klorini, ya 70% kwa lita moja ya maji) inaua kirusi, na inaua kamera pia: inakula chuma, mpira wa kushikia unanata, rangi ya kioo inatoka. Kwa hiyo watu wenye akili wanapiga kutoka nje. Uzio wa kituo una mistari miwili yenye nafasi ya mita mbili hivi katikati; 70-200 inafika vizuri. Plastiki ya uzio ya rangi ya machungwa, fungua f/2.8 uipoteze. Vile vyumba vya plastiki angavu, CUBE, vinakuwezesha kupiga mgonjwa na muuguzi wake bila kuvaa nguo za kinga. Tatizo ni mwako, kwa hiyo vaa nguo nyeusi na uguse plastiki kwa kofia ya mpira upande wa nje tu.

Ikilazimu picha ya ndani, ipigwe na mhudumu, si wewe. Mpe kamera ndogo isiyopitisha maji, isiyo na mkanda, imewekwa tayari: otomatiki, ISO isizidi 3200, flashi imezimwa. Akitoka inazamishwa kwenye 0.5% dakika kumi, inasuuzwa kwa maji safi, inakaushwa. Kama ina Wi-Fi, picha zivutwe kupitia uzio na kamera ibaki ndani. Mwambie mhudumu picha tano, si hamsini. Muda wake ndani ya nguo ya kinga ni kama saa moja, na jasho likijaa kwenye miwani haoni skrini.

Mazishi salama: familia ikisema hapana, au hata ikinyamaza, kamera haitoki garini. Timu zimepigwa mawe kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Yaya_wa_Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu bote toka Lushi. Kwetu kolera ndiyo inarudi-rudi, upande wa Moero na Tanganyika. Naongeza haya: klorini ya mikono ni 0.05%, ya sakafu 0.2%, ya matapishi na maiti 2%. Mlangoni wanapuliza viatu, na wanapuliza pia chini ya mfuko wako na miguu ya traipodi. Mfuko usiweke chini hata dakika moja, utundike. Kitanda cha kolera kina tundu na ndoo, na mgonjwa mara nyingi hana nguo chini. Panga fremu kuanzia kifuani kwenda juu au piga mkono wenye perfi (dripu). Picha inayotumika sana ni ya mama anachanganya SRO (chumvi ya kurudisha maji mwilini): paketi moja, lita moja ya maji safi. Chupa ionekane ni ya lita, siyo ya nusu, kwa sababu watu wataiga wanachoona.

Na bandugu mnaokuja huku Juni hadi Septemba: vumbi jekundu la Katanga linaingia hata kwenye mfuko uliofungwa. Leteni pampu mbili.

Mwenye_Buti

Mpox nayo, kwa kuwa Kamituga ndipo clade Ib (tawi jipya la kirusi chake) ilipoanza kuonekana, Septemba 2023, na maombi ya picha za vidonda hayaishi tangu OMS ilipotangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Tofautisheni picha ya kitabibu na ya mawasiliano. Ya kitabibu inakwenda kwa daktari tu, ina fomu yake, haikai kwenye kadi moja na zile nyingine. Kidonda kipigwe mara mbili: kwa mbali kuonyesha ni sehemu gani ya mwili, na kwa karibu na rula ya karatasi ya sentimeta pembeni, ambayo inatupwa baadaye. Mwanga wa dirisha kutoka pembeni. Flashi ya mbele inafanya vidonda vionekane bapa na kung'aa. Kwa mawasiliano, mkono au mguu unatosha. Sehemu za siri na nyuso za watoto, hapana, hata fomu ikisainiwa.

Fundi_Sensa (Bukavu)

Mafaili, nimalizie upande wangu.

Kamera yenye nafasi mbili za kadi: andika zote mbili kwa pamoja. RAW ya megapikseli 24 ni MB 25 hadi 30, kadi ya GB 64 inachukua kama elfu mbili. Jioni: nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti, moja isafiri na mtu mwingine au gari jingine. Diski ifungwe kwa nywila. Kompyuta ikichukuliwa barierini, wagonjwa wasichukuliwe nayo.

Mahali: kamera isiyo na GPS inaweza kuipata kutoka kwenye simu kama umeiunganisha na programu yake. Zima. Kufuta kwenye folda nzima kwa exiftool:

exiftool -gps:all= -overwrite_original *.jpg

WhatsApp ikituma kama picha inafuta taarifa hizo, ila inaponda ubora. Ikituma kama dokumenti inaacha kila kitu, pamoja na mahali. Watu wanaambiwa "tuma kama dokumenti, ubora usipotee", wanatuma na ramani ya nyumba ya mgonjwa.

Jina la faili: tarehe, kodi ya zoni, kodi ya mtu, namba. Majina ya watu yakae kwenye orodha nyingine, sehemu nyingine. Kwa mtandao wa vijijini punguza hadi pikseli 2000 upande mrefu, ubora 80. Itakuwa chini ya MB moja au karibu. Tuma kumi bora saa kumi na moja alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi, RAW zisubiri mjini.

Chipukizi_Ndosho

Aksanti wote. La mwisho: mtu akipiga simu anataka picha yake ifutwe, nani anafuta? Mimi au ofisi?

Dada_Ulinzi (Bukavu)

Wote wawili, na ndiyo maana ile kodi kwenye karatasi yake ni muhimu. Ofisi inafuta kwenye maktaba na mitandao, inawaandikia wote iliowapa. Wewe unafuta RAW, JPEG, nakala ya diski ya pili, na ile folda ya "kazi zangu nzuri" uliyoiweka kwenye tovuti yako. Kisha mwandikie reko tarehe mliyofuta, amjulishe mama kwa mdomo. Kilichokwisha kuchapwa kwenye karatasi hakirudi. Hilo aambiwe siku ya kwanza, kabla ya kupigwa.